Maua Yatanguliayo Majani

Neno vuli lina maana mbili katika vitabu vyetu. Watu wa pwani wakisema vuli wana maana ya mvua ndogo zinyeshazo tangu Oktoba hata Desemba. Lakini mwandishi wa jiografia aelezaye majira manne ya Ulaya hulichukua neno lilo hilo, akaliweka juu ya miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba, wakati majani ya miti yanapogeuka rangi na baridi kuanza kurudi. Waalimu wengine hulalamika ya kuwa jambo hili huwachanganya wanafunzi. Mimi naona si hasara, maana liko kundi moja la mimea ambayo kwake vuli ya Ulaya na mvua za kwanza za kwetu ni karibu kitu kimoja. Katika somo hili nataka kueleza habari za mimea hiyo, na jinsi ya kuitunza uwanjani, na kwa nini yataka uangalifu katika nyumba yenye watoto.

Hapa Mpwapwa, kama mjuavyo, vuli haitufikii kama inavyowafikia watu wa Tanga. Sisi tuna majira mawili tu: masika, ambayo huanza mwisho wa Novemba au Desemba na kuishia Aprili, na kiangazi, ambacho hushika miezi yote iliyobaki. Ifikapo Oktoba nchi ni kavu kabisa. Malisho yamekwisha kuliwa au kuungua, mibuyu imesimama mitupu, na upepo warusha vumbi toka Gulwe hata chini ya milima ya Kiboriani. Ndipo katika ardhi hiyo hiyo iliyo ngumu kama sakafu, chini ya kivuli cha mti au kando ya kichuguu, hutokea bua moja nene lisilo na jani lililokunjuka, na juu yake ua jekundu la mviringo, kubwa kupita ngumi mbili za mtu mzima. Ukilitazama kwa karibu waona si ua moja, bali ni maua madogo mengi yaliyokusanyika, pengine hata 200, kila moja na nyuzi zake ndefu. Wataalamu wa mimea huliita Scadoxus multiflorus, na jina lile la pili maana yake ni "lenye maua mengi."

Mtu mwenye kufikiri atauliza: Je, mmea huu umekula nini? Mti hutengeneza chakula chake kwa majani yake, katika nuru ya jua. Na hapa majani bado. Mti hunywa maji ya ardhi. Na ardhi haina maji. Tena maua mengine ya namna hii hayangoji hata tone la kwanza la mvua, bali hutoka kwa joto peke yake, siku kadhaa kabla ya mawingu.

Jibu liko chini ya udongo. Huko kuna kitu chenye umbo la kitunguu, lakini nikikiita kitunguu huenda mtu akakitia chunguni, na hilo ni jambo la hatari kama nitakavyoeleza. Basi nitakiita tunguu, na yakiwa mengi, matunguu. Mwalimu apendaye kuwafundisha watoto jambo hili na achukue kitunguu cha mchuzi, akipasue kwa kisu toka juu hata chini, awaonyeshe. Chini kabisa kuna kitako kigumu, ambacho mizizi hutoka ndani yake. Juu ya kitako kuna magamba manene yenye maji, yamekumbatiana. Magamba hayo ni majani, ila yameacha kazi ya kutengeneza chakula na kuwa ghala ya kukiwekea. Nje kuna ngozi kavu zinazozuia maji yasitoke. Na katikati, mahali pa moyo, kuna chipukizi dogo la rangi ya majani mabichi. Sote tumewahi kuona kitunguu kilichosahauliwa jikoni kikichipua katika kikapu, bila udongo wala maji, huku magamba yake yakinywea na kuwa laini. Hakikupata chakula kipya; kimetumia kile kilichowekwa akiba.

Ndivyo lilivyo ua letu jekundu. Wakati wa masika, ua likiisha kunyauka, majani mapana hukunjuka na kufanya kazi miezi minne au mitano. Chakula wanachokitengeneza hushuka katika tunguu. Mvua zikikoma, majani hugeuka njano, hulala chini, hukauka. Mwenye kupita husema mmea umekufa. Walakini tunguu limeshiba, na ndani ya moyo wake tumba la ua la mwaka ujao limekwisha kuanza kuumbika, dogo sana, likingoja. Kwa hiyo ua la Novemba limetengenezwa kwa jua la Februari na Machi. Afahamuye neno hili moja amefahamu karibu yote yanayohitajiwa na mtunza bustani. Mengine yote niyasemayo hapa yatoka katika hilo.

Sasa tuwatazame watu wa nchi za baridi. Katika bustani za Uingereza na Ujerumani kuna ua liitwalo Colchicum autumnale, la rangi ya zambarau nyepesi, lichanualo Septemba na Oktoba bila jani hata moja. Majani yake hutokea mwaka unaofuata, baridi ikiisha, nayo hukauka kabla ya joto kali. Hivyo mtu aweza kuyaona majani ya mmea huu bila ua, na ua bila majani, asijue ya kuwa ni mmea mmoja. Tunguu lake likiwekwa kavu juu ya rafu ndani ya nyumba, wakati wake ukifika litachanua pale pale juu ya ubao.

Lakini mfano unaofundisha zaidi umetoka katika Afrika yetu. Katika Rasi ya Tumaini Jema, huko kusini kabisa, mvua hunyesha wakati wa baridi, na miezi ya joto ni mikavu. Huko ndiko kwao Amaryllis belladonna, ua kubwa la rangi ya waridi. Mmea huu hulala wakati wa joto na ukavu, kisha huchanua mwezi wa Februari, Machi au Aprili, majira yakianza kugeuka. Na majani hufuata mvua zikiisha kufika. Watu waliuchukua wakaupanda Ulaya, upande wa pili wa ikweta. Je, uliendelea kuchanua Machi? La. Ulihamisha mwaka wake, ukawa unachanua kati ya Agosti na Oktoba, maana huko ndiyo miezi ambayo joto kuu limekwisha na vuli inaingia. Mmea hausomi kalenda. Husoma joto, ukavu na unyevu. Kwa hiyo msomaji apataye kitabu cha bustani cha Ulaya asifuate majina ya miezi iliyoandikwa humo, bali aulize: katika mwezi huo mmea ulikuwa umelala, au ulikuwa ukifanya kazi?

Wako watu waniulizao kama maua haya ya Ulaya yaweza kupandwa hapa, na hasa wauliza habari za zafarani, kwa kuwa bei yake ni kubwa. Zafarani, ambayo wapishi wa pwani wanaijua katika pilau na vinywaji, nayo ni ua la vuli. Huchanua Oktoba na Novemba, na ndani ya kila ua mna nyuzi tatu nyekundu. Hizo ndizo zafarani. Kupata kilo moja ya nyuzi kavu yataka maua kama 150,000, yote yachumwe kwa mkono. Haishangazi basi kwamba ni ghali. Nchi ivunayo kwa wingi kuliko zote ni Iran. Tena mmea huu hauzai mbegu kabisa. Kila zafarani iliyoko duniani imetoka katika kichwa kilichogawanywa na mkono wa mtu, na kile katika kingine kabla yake, tangu zamani za kale. Ni jambo la ajabu. Lakini kuilima Mpwapwa sishauri. Zafarani yataka kiangazi cha joto, na hicho tunacho. Ila kisha yataka hali ya hewa ishuke hata karibu digrii 17 ndipo ichanue, na sisi Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya kuungua. Afadhali mtu aweke fedha yake katika vitunguu vya kuliwa, na kwa uzuri wa nyumba apande matunguu ya nchi yake mwenyewe, ambayo hayataki kubembelezwa.

Matunguu hayo yako, tena ni ya namna nyingi. Mbali na ua jekundu nililolitaja, kuna jamaa za Crinum, zenye maua makubwa meupe yenye mistari ya waridi, zipendazo mahali panapotuama maji wakati wa masika. Kuna Ammocharis tinneana ya mbuga za jua kali, ambayo majani yake hulala chini pande mbili kama feni, na maua yake ya waridi hutokea mvua zinapoanza.

Nije sasa katika jambo linaloyaua matunguu katika viwanja vyetu. Si jua, wala si ukosefu wa mbolea. Ni ufagio na fyekeo. Kwetu uwanja safi ni heshima ya nyumba, na mwanamke mwenye bidii hupenda udongo uonekane umefagiwa toka mlangoni hata njiani. Mimi sina neno juu ya desturi hiyo. Ni njema, tena hufukuza nyoka. Lakini mwezi wa Aprili majani ya tunguu huanza kulala ovyo na kugeuka njano, yakafanana na takataka, na watoto wa shule wakitumwa kufyeka huyafyeka pamoja na nyasi. Siku hiyo ghala imefungwa kabla ya mavuno kuingia. Novemba inayofuata ua latoka dogo. Mwaka wa pili yatoka majani tu. Mwaka wa tatu au wa nne hakuna kitu, na watu husema udongo ni mbaya, ama kwamba aliyelipanda ana mkono mbaya. Basi, jani lenye rangi ya kijani, hata kama ni nusu tu, lisikatwe, wala lisifungwe fundo ili lionekane nadhifu. Liachwe likauke lenyewe mpaka livutwe kwa vidole viwili na kutoka bila nguvu. Hapo fagia upendavyo. Bua la ua lililonyauka laweza kukatwa mapema, isipokuwa unataka mbegu.

Adui wa pili ni huruma. Mtu huona mahali pakavu mwezi wa Julai, akakumbuka ya kuwa pana ua, akamwaga maji ya kuoshea vyombo kila jioni. Tunguu lililolala halinywi. Maji yakikaa juu yake huoza kuanzia kitakoni, na ukilifukua walikuta limekuwa uji wenye harufu mbaya. Kiangazi chote lisipewe hata kikombe. Wenye kupanda katika makopo na wahamishie makopo yao chini ya paa, wayaache.

Tena kuna viwavi vinene vyenye mabaka meusi na ya njano, ambavyo hupenda sana jamaa za Crinum. Kundi moja laweza kumaliza majani kwa usiku mmoja au miwili, kisha vikaingia shingoni na kuuharibu moyo. Dawa iliyo rahisi ni macho na mkono: pita asubuhi, vichume, viue.

Lililo kubwa kuliko hayo ni sumu. Mimea ya namna hii, kwa kuwa hubeba chakula kingi mahali pamoja katika nchi yenye njaa ya miezi saba, ingekwisha kuliwa yote zamani kama isingekuwa na kinga. Kinga yake ni uchungu na sumu. Ua letu jekundu lina sumu, Crinum ina sumu. Kuna mmoja aitwaye Boophone disticha, ambao tunguu lake kubwa hukaa nusu juu ya ardhi, limevikwa ngozi nyingi kavu hata moto wa nyika hauliui. Jina lake kwa Kiyunani lina maana ya muuaji wa ng'ombe, na kusini mwa Afrika wawindaji walipaka mishale yao utomvu wake. Sisi wafugaji tufikiri vizuri hapa. Mbuzi na ng'ombe kwa kawaida huuepuka mmea mchungu. Lakini mwisho wa kiangazi, wanapokuwa dhaifu na hakuna kitu kibichi popote, majani ya kwanza kabisa kuchomoza katika nchi nzima huwa ni ya tunguu, maana lina akiba na nyasi hazina. Mnyama mwenye njaa hachagui. Mahali ulipopanda pazungushie boma la miiba mapema, Oktoba, kabla jani halijaonekana.

Na kwa watu hatari ni ile ya kufananisha. Huko Ulaya wako waliokufa kwa kuchuma majani ya Colchicum wakidhani ni majani ya kitunguu saumu cha porini. Sumu yake huitwa kolichisini. Waganga huitumia kwa vipimo vidogo mno katika maradhi ya jongo, na tofauti kati ya kipimo cha kuponya na cha kuua ni ndogo. Sumu iyo hiyo imo katika mmea wetu wenye maua mekundu na njano kama ndimi za moto, utambaao kwa kushika miti kwa ncha za majani yake, uitwao Gloriosa superba, ua la taifa la Zimbabwe. Huo hauna tunguu bali kiazi chenye pembe mbili, na katika Sri Lanka watu wamekufa kwa kukila wakikidhania kuwa kiazi cha chakula. Katika Ugogo, nchi iliyopita katika njaa ya Mtunya ya miaka ya 1917 hata 1920 na njaa nyingine nyingi, kuchimba mizizi ya porini si hadithi ya mbali. Wazee walijua ipi huliwa na ipi haigusiki. Vijana waliokulia mjini hawajui, na kitu kilicho chini ya ardhi hakina alama.

Tena sumu hii haina haraka. Aliyeila pengine hukaa saa kadhaa bila kuona neno. Ndipo huja kutapika, kuhara na maumivu ya tumbo. Huenda siku ya pili akaonekana amepata nafuu, na ndani ya mwili uharibifu ukawa unaendelea. Kwa hiyo mtoto akionekana ametafuna tunguu, asingojwe mpaka atapike. Apelekwe hospitali saa ile ile, na kipande cha mmea kichukuliwe pamoja naye, ili mganga ajue anashughulika na nini. Mtu asimpe maziwa na kulala akitumaini asubuhi.

Nisemayo si kwamba maua haya yasipandwe. Mnyaa una utomvu wa kupofusha, nasi twaupanda kuwa ua wa boma. Nasema mahali pachaguliwe. Matunguu yasipandwe katika bustani ya mboga, wala karibu na tuta la vitunguu na vitunguu saumu, hata kama nafasi ni ndogo. Yasiwekwe jikoni wala katika kikapu chochote cha chakula, hata kwa siku moja, wakati wa kuyahamisha. Pazuri ni chini ya mti ulio mbele ya nyumba, au kando ya njia ya kuingilia, au kuzunguka makaburi, mahali ambapo hakuna atakayechimba kutafuta chakula. Watoto waonyeshwe kwa jina na kwa sura. Baada ya kuyashika, mikono ioshwe kwa sabuni, maana utomvu huwasha ngozi.

Kupanda kwenyewe si kazi kubwa. Wakati ni Septemba na Oktoba, tunguu likiwa limelala bado. Chimba mahali pasipotuama maji. Udongo ukiwa wa mfinyanzi changanya mchanga na samadi iliyooza sana, si mbichi. Ua jekundu lipandwe shingo yake ikiwa sawasawa na uso wa udongo, chini ya kivuli chepesi. Ammocharis iache shingo nje, juani. Ukikosea kidogo kwa kina usifadhaike, kwa sababu mizizi ya mimea mingi ya namna hii ina uwezo wa kujikunyata na kulivuta tunguu chini, mwaka kwa mwaka, mpaka lifike mahali lipapendapo; ukiifukua waona mikunjo yake kama shingo ya kobe. Kisha usilihamishe tena. Tunguu lililosumbuliwa huweza kukataa kuchanua mwaka mzima au zaidi.

Wapi pa kuyapata? Sipendi kuona vijana wakishuka mlimani na magunia ya matunguu ya kuuza barabarani. Katika misitu ya hifadhi kuchimba mimea bila ruhusa ni kosa la sheria, na hata pasipo sheria, tunguu lililo kubwa kama ngumi limekaa pale miaka mingi. Omba vitoto kwa jirani. Tunguu kubwa huvizaa ubavuni mwake, navyo hutenganishwa wakati wa kiangazi, kila kimoja na mizizi yake, vikaachwa kivulini siku mbili tatu jeraha likauke.

Au tumia mbegu. Ua jekundu likiachwa lizae hutoa matunda madogo mekundu mwisho wa masika. Menya nyama ya tunda, uoshe mbegu, na uipande mara moja juu ya udongo wenye unyevu, ukiifunika kidogo tu. Mbegu hizi hazivumilii kukaushwa wala kuwekwa chupani kama za mahindi. Mche wa kwanza utakuwa jani moja jembamba. Utangoja miaka mitatu, minne, pengine mitano kabla ya kuona ua. Na katika miaka hiyo yote, Aprili ikifika, panga mawe machache kuzunguka mahali ulipopanda, maana ifikapo Julai hata wewe mwenyewe hutapajua.